Mjomba Aliposema Kiko

Ndugu zangu wa chumba cha walimu, pamoja na ninyi majirani mnaojifanya kupita tu kila jioni, nimechoka kuulizwa. Mnauliza, halafu kabla sijafungua mdomo mnacheka, kwa sababu mmekwisha kuuziwa habari na Djuma, motari wa pikipiki aliyenibeba. Djuma anasema nilibeba ngozi hadi Kabambare, nikala ngozi hiyo Lusangi, na nikarudi na godoro bichi. Yote hayo ni kweli, lakini si kwa mpangilio huo. Kaeni basi niwaeleze, na Djuma akipita msimkaribishe.

Mnanijua. Nafundisha Kiswahili hapa Kasongo, na mtoto akiniandikia "kitabu iko juu ya meza" namchorea mstari mwekundu mpaka karatasi ichanike. Hata sokoni siwezi kujizuia. Mama muuza samaki akisema samaki iko, namwambia samaki yupo, naye ananiambia basi niende nikamle huyo aliyepo kwingine. Ugonjwa wangu ni huo, na safari hii nzima imetoka humo.

Kasongo, kabla ya kuondoka

Binti yangu Zuhura alikuwa aolewe. Mama yangu, Bi Asha, hana ndugu mwingine duniani ila kaka yake mmoja, Mjomba Sefu wa Kabambare. Msichokijua ni kwamba wawili hawa walikuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja, na sababu ilikuwa godoro.

Mjomba zamani alikuwa dereva wa misheni. Yeye Mwislamu, mkubwa wake Padri, na kilichowaunganisha ni tumbako. Padri alikuwa anavuta tumbako nyeusi ya vipande, inayokuja katika kopo bapa, na kila Jumapili baada ya misa alimpa dereva wake kipande kimoja. Alipozeeka na kurudi kwao, alimwachia Mjomba kiko chake. Tumbako ya maisha hakuweza kumwachia, kwa hiyo Mjomba akabaki na ile ya kusokotwa ya sokoni, anavuta na kulalamika, analalamika na kuvuta.

Idi moja akaja kututembelea. Akajinyoosha juu ya godoro jipya la Mama, kiko mdomoni, usingizi ukamchukua. Godoro likaungua shimo la kupitisha sufuria. Mama akamwamsha kwa ndoo ya maji. Mjomba alipomaliza kujifuta uso akauliza kiko chake kimekwenda wapi, Mama akamjibu kwamba amekitupa chooni. Mjomba akavaa viatu vyake, akaondoka bila kugusa pilau, na hakukanyaga Kasongo tena.

Sasa ilipofika harusi, Mama akasema bila kuzunguka: kaka yake asipokuja, yeye hatoki chumbani siku hiyo. "Mutaoza mutoto wenu," akaniambia. "Miye nitakuwa ninalala." Mnamjua Mama. Angelala kweli, na Zuhura angeolewa huku bibi yake amejifungia mlango. Nikampigia Mjomba simu kumbembeleza. Akasema nilete kwanza tumbako ya Padri, mengine tutaongea mbele.

Namna nilivyolipata lile kopo, turuke. Mwanafunzi wangu wa zamani anayeishi mbali alilituma, likapita mikono mingi, likafika. Ndani mlikuwa na vipande ishirini na viwili, vyembamba, vyeusi vya kung'aa, vimelala kimoja juu ya kingine. Mwanafunzi alinieleza kwa simu kwamba ni majani ya Virginia, yanaivishwa kwa mvuke mpaka yawe meusi, yanakandamizwa mpaka yashikane kama ubao, ndipo yanakatwa. Ukiyavuta yakiwa na unyevu wake yanazimika kila mara na yanauma ulimi. Inafaa yaanikwe kidogo kivulini. Nilifungua kifuniko nikanusa: tende, majani makavu, na uchachu kwa mbali. Mimi sivuti, lakini nilirudia kunusa mara tatu.

Siku ya mwisho nikampigia Mjomba tena. Mtandao ulikuwa unakatika. Nikamwuliza, mbali na tumbako, nimletee kitu gani kingine. Akajibu neno moja.

"Kiko."

Sijui niwaeleze vipi furaha niliyoipata. Kitu kiko! Hahitaji kitu, kila kitu anacho, na juu ya hayo Mjomba Sefu, mtu wa iko asubuhi na iko jioni, ameweka kiambishi mahali pake. Nikamwambia vizuri sana, kama kiko, basi. Akasema asante, simu ikakata.

Mama alikuwa uani anachagua mchele. Nikamsimulia. Mikono yake ikasimama juu ya ungo.

"Amesema kiko?"

"Kiko, Mama. Kwa sarufi safi kabisa."

Akainuka, akaingia chumbani, akakaa huko muda. Akatoka na kifurushi kidogo cha kitenge, urefu wa kiganja, kimefungwa mafundo matatu. Akasema nimpelekee kaka yake. Nikauliza kuna nini ndani, akatazama pembeni, akasema karanga. Mimi nikamjibu kwamba sakoshi yangu imejaa, kwamba Kabambare karanga ni nyingi kuliko watu, na kwamba Mjomba mwenyewe amesema kiko. Mama akanitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyeingia ndani ya nyumba. Kisha akarudisha kifurushi chake chumbani.

Kasongo hadi Lusangi

Djuma aliahidi kuja saa kumi na mbili asubuhi. Alikuja saa tatu, ana mafuta ya mikate ya kukaanga mdomoni, akisema gurudumu ndilo lilimchelewesha. Pikipiki yake ilikuwa na kasoro moja ndogo, kwa maneno yake: bomba la moshi limelegea kwenye kiungo. Kasoro hiyo ilipiga kelele hivi kwamba vijiji vilitusikia mapema na watoto wakawa wamekwisha kujipanga kando ya njia kututazama tunafika.

Baada ya mwendo nikaomba tusimame, nikaingia porini kwa haja zangu. Niliporudi, kelele zimepona. Djuma alikuwa anafunga waya kwa koleo, uso wake umejaa ufundi. Nikamsifu, nikapanda.

Hatukwenda mbali, nikaanza kusikia harufu tamu. Nikajisemea, hapa karibu kuna watu wanapika kitu kizuri. Kijiji cha kwanza kikapita, harufu ipo. Cha pili, ipo. Nyuma yetu nikaona mzee mmoja wa velo, yaani baiskeli, anakanyaga kwa nguvu zake zote, pua juu, na kila tulipopunguza mwendo kwenye mashimo alitufikia akatulia karibu na bomba letu. Mwishowe akapaza sauti kuniuliza pikipiki yetu inakunywa kitu gani. Nikamwomba Djuma asimame, nikamwuliza alitumia nini kwenye kile kiungo.

"Ile ngozi yako."

"Ngozi gani?"

"Vipande vya ngozi vyenye iko mu kopo. Nimechukua ine tu, Mwalimu. Iko mingi."

Hasira zikanipanda mpaka nikamsahihisha kwanza. Vilivyomo katika kopo, nikamwambia, na ni vinne, na ni vingi, na ni tumbako ya Mjomba wangu, si ngozi, na harusi ya mwanangu imekaa juu yake. Djuma akatoa macho, akaomba msamaha kwa moyo wote, akataka kufungua waya. Lakini bomba lilikuwa la moto, na vile vipande vinne vilikuwa vimekwisha kugeuka mkaa. Kwa hiyo andikeni kwamba wa kwanza kuvuta tumbako ya Padri baada ya miaka yote ile ilikuwa pikipiki. Yule mzee wa velo alituomba tuwashe mara moja tu kabla ya kwenda, avute pumzi ya mwisho, na Djuma, kwa huruma, akamwashia.

Vikabaki kumi na vinane.

Lusangi

Tulifika Lusangi alasiri, nyumbani kwa Baba Faida, niliyesoma naye zamani, ambaye sasa analima mpunga. Mke wake, Mama Faida, ni mtu wa ukarimu wa kupindukia, na ukarimu huo ndio ulioniumiza.

Nikakumbuka maelezo ya kuanika. Nikawaza, nikiandaa vipande kadhaa mapema, Mjomba atavuta papo hapo nikifika, na moyo wake utalainika siku hiyo hiyo. Nikaomba ungo, nikapanga vipande sita juu yake, nikauweka barazani kivulini, nikaenda kuoga na kusali. Niliporudi ungo ulikuwa mtupu. Mama Faida alikuwa jikoni anaimba. Nikadhani ameviweka ndani kuviepusha na kuku, nikaona ni adabu kutouliza.

Chakula kikaja. Wali mweupe, na bakuli la sombe, majani ya muhogo, lililojaa mawese juu. Mama Faida akanisogezea akisema sehemu ya chini ni ya mgeni. Nikachota kwa mapana. Kwanza nilisikia mawese, kisha sombe, kisha koo langu likafungwa kama limewekewa kufuli. Kwikwi zikaanza. Jasho likanitoka mpaka kwenye masikio. Kwa aibu ya ugeni nikameza, nikasema sombe hii ina nguvu.

"Ni nyama yenu ya Kasongo," Mama Faida akasema. "Nimeiloweka mara tatu, lakini haiivi."

Mnajua mtu anapotaka kulia na kucheka na kutapika kwa pamoja, asijue kipi kitangulie? Kulitangulia kutapika. Djuma, ambaye kwa bahati alikuwa bado ananawa mikono, alikaa chini akacheka mpaka akashika mbavu. Baba Faida peke yake ndiye aliyeendelea kula. Alisema hajawahi kuonja sombe inayomwingia mtu kichwani namna ile, akaongeza tena kidogo, akajilaza barazani, na alipoamshwa aliuliza kama mvua imeacha. Mvua haikuwa imenyesha.

Mama Faida alipojua alichopika alifunika uso kwa kanga. Nikamwambia kosa ni langu, na kweli lilikuwa langu. Asubuhi akanipa jogoo mwekundu, mzuri, nimpelekee Mjomba kwa kumwomba radhi. Nikafunga safari na jogoo kwapani na vipande kumi na viwili.

Lusangi hadi Kabambare

Kuanzia hapo sikuliacha lile kopo. Nililitia ndani ya shati, nikafunga vifungo vyote mpaka shingoni, nikalikumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa wa jogoo. Kujishikilia nilijishikilia kwa magoti.

Mvua ya kweli ilitukuta karibu na daraja la magogo. Tukakimbilia kibanda cha makuti kando ya njia, na humo tukawakuta wafanyabiashara wawili wanaoelekea Salamabila, kwenye dhahabu. Wakatusalimia vizuri. Mmoja, mwenye kofia ya sufu, hakuondoa macho yake kifuani pangu. Akasogea. Akasogea tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Grami ngapi, Mzee?"

Mimi kichwani mwangu hamkuwa na kitu kingine duniani isipokuwa tumbako. Nikamjibu kwa ukweli kwamba juu ya kopo wameandika hamsini, ila zimepungua njiani.

"Zimepungua vipi?"

"Nyingine tumezifunga kwenye bomba la moshi. Nyingine tumezila."

Yule wa kofia akamtazama mwenzake. Mwenzake akatoka nje kwenye mvua, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuchunguza bomba la pikipiki ya Djuma kwa kucha. Djuma akamwuliza anatafuta nini, naye akajibu kwamba hatafuti kitu, anapumzika tu. Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nikafungua vifungo, nikafungua kopo, nikawaonyesha. Yule wa kofia aliinama akanusa, na sura yake ikashuka, kisha ikapanda tena polepole. Akasema si dhahabu, lakini nisiliuze. Tukacheka sote mpaka mvua ikaisha, na wao ndio waliotusaidia kuvusha pikipiki juu ya magogo, mmoja kila upande.

Lakini niseme ukweli, baada ya pale nilianza kuogopa. Vipande ishirini na viwili vimekuwa kumi na viwili. Ningemwambia nini Mjomba? Na kama angenirudisha na kopo langu, ningemwambia nini Mama? Nilimwona jinsi atakavyofunga mlango wake siku ya harusi, taratibu, bila kelele, na jinsi Zuhura atakavyosimama nje akigonga.

Kabambare

Mjomba Sefu alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake, amevaa kofia safi, amenyolewa. Niligundua baadaye kwamba alikuwa amekaa hivyo tangu jana yake. Akampokea jogoo, akauliza habari za kila mtu isipokuwa Mama, kisha akanyoosha mikono yote miwili kwa ajili ya kopo.

Nikamwungamia kila kitu haraka haraka: bomba, sombe, vyote. Nilitegemea matusi. Hata hakunisikia. Alikuwa amefungua kifuniko na kufumba macho. Alikaa hivyo mpaka Djuma akanikonyeza kuuliza kama mzee amelala. Kisha Mjomba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hii ndiyo Jumapili.

Akatoa kipande kimoja, akakiweka juu ya goti. Akatufundisha. Kipande chenye unyevu unakikunja mara mbili, unakisokota kidogo, unakitia kizima, hapo kinaungua polepole mpaka mwisho. Au unakisugua kati ya viganja, bila haraka, mpaka kifunguke kuwa nyuzi nyuzi, unaziacha zipumue, kisha unazijaza: chini kwa mkono wa mtoto, juu kwa mkono wa mwanamume. Hivyo ndivyo Padri alivyokuwa anasema. Akasugua. Uwanja mzima ukanukia tende. Majirani wawili wakaja kuuliza habari za afya yake, ambayo ilikuwa nzuri. Nyuzi zilipokuwa tayari, akazikusanya kwenye kiganja cha kushoto, na cha kulia akakinyoosha kwangu.

"Sasa leta."

"Nilete nini, Mjomba?"

"Kiko."

"Ndiyo, Mjomba. Kiko wapi?"

"Nakuuliza weye. Kiko iko wapi?"

"Kitu gani kiko wapi?"

"Kiko!"

Djuma alikuwa anageuza kichwa huku na huku. Mimi bado nilikuwa na ujinga wangu wote mkononi. Nikamkumbusha kwamba nilimwuliza kwa simu anataka nini zaidi, akasema kiko, kwa maana ya kwamba kitu kiko, kipo, hakikosi. Mjomba akashusha mkono wake polepole.

"Siku gani ulinisikia miye nikisema kitu kiko?" akaniuliza. "Miye nasemaka iko. Toka nizaliwe nasemaka iko. Nikisema kiko, ni kiko."

Ndugu zangu, nimefundisha viambishi maisha yangu yote ya kazi. Nilisimama pale mbele ya nyumba ya Mjomba wangu, jogoo ananidonoa kiatu.

Akaendelea, na sasa uso wake ulikuwa umebadilika. Tumbako ilikuwa kisingizio. Alikuwa na hakika Asha hakukitupa kile kiko. Anamjua dada yake, hajawahi kutupa hata kifuniko cha sufuria. Alichotaka ni Asha akitoe mwenyewe, akitume, ndipo ajue kwamba ya godoro yamekwisha. Na mimi nimekuja mikono mitupu. "Basi amekataa," akasema. Akaanza kurudisha nyuzi kwenye kopo, moja moja.

Ndipo nikakumbuka kile kifurushi. Nikapiga simu Kasongo. Nikamwuliza Mama mle kwenye kitenge mlikuwa na nini. Akasema alishaniambia, karanga. Mjomba akaninyang'anya simu.

"Asha. Hiyo karanga yako iko na mukia?"

Nilidhani mtandao umekatika. Kisha sauti ya Mama ikatoka, ndogo, ya msichana.

"Iko."

Mjomba akanirudishia simu, akaingia ndani. Tulimsikia anapenga kamasi kwa nguvu.

Jioni ile alijaribu kuvumilia. Alisokota tumbako katika karatasi ya daftari, karatasi ikawaka yote na tumbako ikabaki haijaguswa na moto. Djuma akamtengenezea kiko cha gunzi la mahindi, na bua la jani la mpapai kuwa mrija. Kilivuta mara mbili, kisha gunzi likatoboka chini na kaa likamdondokea kwenye paja Djuma aliyekuwa anakishikilia. Mjomba akafunga kopo. Akasema kwamba tumbako iko huku na kiko iko kule, na kopo hili haliendi mahali bila yeye.

Kurudi, tukiwa na godoro

Asubuhi nilipoamka Mjomba alikuwa amekwisha kukaa juu ya pikipiki, kopo ndani ya kanzu. Nyuma yake alikuwa amefunga godoro la sponji, jipya, limeviringishwa kwa kamba, refu kuliko Djuma. Nikamwuliza mimi nitakaa wapi. Akanionyesha godoro.

Kwa hiyo nimesafiri kutoka Kabambare hadi Kasongo nimepanda juu ya godoro kama mtu anayepanda punda aliyenona. Mvua ilitupata mara mbili. Godoro la sponji likinywa maji linakuwa mzigo wa ng'ombe, na kila tulipopita shimo lilinikamulia maji kwenye suruali. Lusangi, Baba Faida alitukimbilia mpaka njiani kuuliza kama tumebaki na nyama. Mama Faida akamrudisha ndani kwa kumvuta shati. Na Djuma kila aliposhuka kukaza waya wake, Mjomba alishuka naye, akasimama nyuma yake, mkono juu ya kopo.

Uani kwa Mama

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilitegemea kilio, au ndoo ya maji. Alimtazama kaka yake, akalitazama godoro linalochuruzika, akasema lianikwe uani, upande wa jua, na wote wakanawe kwanza. Mjomba akanawa. Mama akaleta viti viwili, kisha akatoka na kifurushi chake cha kitenge, lakini hakumpa. Alikishika tu mapajani. Mjomba naye akashika kopo lake. Walikaa hivyo, wazee wawili, kila mmoja na nusu yake, wakitazama godoro.

"Asha," Mjomba akasema mwishowe. "Kiko iko?"

"Kiko iko."

Nilifungua mdomo. Mke wangu, aliyesimama kando yangu, akanikanyaga mguu. Lakini niaminini, sikuwa nataka kusahihisha.

Mama akafungua mafundo matatu. Kiko kiling'aa. Miaka kumi na moja alikuwa anakipangusa kila Idi, kwa tone la mafuta ya karanga, kwa hiyo hata ile karanga haikuwa uongo mtupu. Mjomba akakijaza: chini kwa mkono wa mtoto, juu kwa mkono wa mwanamume. Akawasha mara ya kwanza, tumbako ikainuka kama inayoamka, akaishindilia taratibu kwa kidole gumba. Akawasha mara ya pili. Kisha hakufanya haraka tena. Alivuta kidogo kidogo, kama mtu anayeonja chai ya moto, na moshi ukatoka bluu, mzito, wenye tende. Akanipa nami nijaribu. Nilivuta kwa pupa, ulimi ukaungua, miti ya uani ikazunguka, na nikaenda kulala juu ya godoro bichi. Hapo ndipo Djuma anapomalizia hadithi yake, kwa sababu hapo ndipo aliponipiga picha.

Zuhura ameolewa, mlikuwepo, mmemwona Mama alivyocheza. Mjomba bado yuko hapa. Anasema anangoja godoro likauke, nalo limekauka wiki iliyopita. Vipande vimebaki vitatu, na mwanafunzi wangu nimekwisha kumwandikia.

Jana alasiri nilikuwa barazani nasahihisha madaftari. Mtoto mmoja ameandika "kitabu yangu haiko." Nikainua kalamu nyekundu, nikasikia uani Mama anamwita kaka yake yaya, yaani mkubwa wake. Mjomba alikuwa amegeuza kiti chake kwa heshima, ili moshi uende upande wa ukuta.

"Yaya, geuka," Mama akasema. "Huku moshi hainifikii."

Nikasikia kiti kinaburutwa. Nikaweka alama ya vyema kwenye "haiko" ya yule mtoto.